Uliza Fundi: Waslovakia walivyozipa gemu lugha yao

*Shikamoo fundi. Nina kibanda cha pleistesheni hapa Magomeni, Mtwara mjini. Juzi nimeweka gemu mpya, nikaingia kwenye mipangilio kutafuta lugha. Orodha ni ndefu, na humo kuna lugha imeandikwa Slovenčina. Kiswahili hakimo. Mteja wangu mmoja anayesoma chuo akaniambia hiyo ni lugha ya Slovakia, kinchi cha huko Ulaya. Sasa naomba unieleze: watu wachache namna hiyo wameingiaje kwenye orodha, na sisi tulivyo wengi hatumo? Nani aliwatafsiria?*
*Mwenye kibanda, Magomeni*

Marahaba, mwanangu. Mteja wako amesema kweli. Slovakia ina watu kama milioni 5.4. Kwa sensa yetu ya 2022 mkoa wa Mtwara una watu zaidi ya milioni 1.6 na Lindi karibu milioni 1.2, kwa hiyo nchi yao nzima haifiki hata mara mbili ya sisi wa kusini hii. Ndiyo maana swali lako limenifurahisha, kwa sababu jibu lake linatuhusu.

Mwanzoni hakuna aliyewatafsiria. Walijifanyia wenyewe, na wengi wao walikuwa wanafunzi wa sekondari. Hakuna kampuni iliyowatuma wala kuwalipa.

Miaka ya 1980 Waslovakia na Wacheki walikuwa nchi moja, Chekoslovakia, chini ya serikali ya kikomunisti. Duka la gemu halikuwepo. Kompyuta za Magharibi zilibanwa na vikwazo vya teknolojia, kwa hiyo aliyebahatika alikuwa amepata moja kwa ndugu aliyesafiri. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ZX Spectrum ya Uingereza, iliyotoka 1982. Ile yenye memori ya kilobaiti 48 ndiyo iliyokuwa ndoto ya kila kijana, na picha moja ya simu yako leo haienei humo. Baadaye wakatengeneza za kwao. Kule Piešťany kiwanda cha Tesla, si hii ya magari ya umeme, kilitoa kompyuta iitwayo PMD 85. Na mji mdogo wa Skalica ulikuwa na ushirika uitwao Didaktik, kazi yake kutengeneza vifaa vya kufundishia mashuleni. Mwaka 1987 ushirika huo ukatoa Didaktik Gama, kompyuta iliyokubali gemu za Spectrum. Vijana walikutana kwenye vilabu, vingi vikiwa chini ya Zväzarm, jumuiya ya raia ya kusaidia jeshi, ambayo pia ilikuwa na mambo ya redio za mawasiliano. Kompyuta iliwekwa humo kama kifaa cha kujifunzia. Vijana walijifunza kweli, na gemu zilikuwa sehemu ya kujifunza huko.

Huku kwetu wakati huo kompyuta zilikuwa zimepigwa marufuku kuingizwa nchini tangu 1974. Mimi nilikuwa nachomea waya redio kaseti, na kwa sababu hiyo sehemu inayofuata naielewa vizuri kuliko zote.

Gemu za Spectrum zilikaa kwenye kaseti, hizi hizi za muziki. Unachomeka redio kwenye kompyuta, unabonyeza kitufe cha kucheza, na dakika kadhaa unasikia mlio wa kukwaruza hadi gemu ipande. Kunakili ilikuwa kazi ya redio mbili na waya mmoja, na gemu ikasafiri mkono kwa mkono kutoka Prague kwa Wacheki hadi Bratislava kwa Waslovakia na vijiji vya milimani. Tatizo lilikuwa kichwa cha kusomea. Kikipinda kidogo tu, muziki utausikia vizuri, labda ukali umepungua kidogo, lakini gemu itagoma kupanda. Unachukua bisibisi nyembamba, unakizungusha kiskrubu kilicho pembeni ya kichwa taratibu huku unasikiliza, mpaka mlio unakuwa mkali na safi. Halafu kaseti iliyorekodiwa kwenye redio ya mwenzako, yenye kichwa kilichopinda kivingine, nayo inagoma. Unazungusha tena. Kila kijana mwenye kompyuta kule alikuwa fundi redio kwa lazima, na huo ndio moyo uliowapeleka kwenye lugha: ukishazoea kufungua kitu na kukirekebisha, maandishi yaliyo ndani yake nayo unayaona kama skrubu nyingine.

Tuje kwenye lugha yenyewe. Gemu za kukimbia, kuruka na kupiga risasi hazikuhitaji tafsiri. Mtoto wa Bratislava alizicheza kama mtoto wa London. Lakini kulikuwa na aina nyingine iliyopendwa sana miaka ile, gemu za maandishi matupu. Skrini inakuandikia uko wapi na unaona nini: uko chumbani, kuna mlango kaskazini, juu ya meza pana taa. Wewe unaandika amri, nenda kaskazini, chukua taa, na programu inakujibu. Sasa mtoto wa Slovakia shuleni alilazimishwa Kirusi, Kiingereza alikiokoteza kwenye nyimbo. Gemu ya namna hiyo kwake ilikuwa ukuta.

Wakaamua kuandika za kwao, kwa Kicheki na Kislovakia. Kule Prague František Fuka alianza mwaka 1985 kuandika gemu za maandishi za Indiana Jones, shujaa wa filamu za Kimarekani, na mfano wake ukaenea. Upande wa Slovakia kuna Stanislav Hrda, ambaye mwaka 1988, akiwa bado kijana, alitoa Šatochin. Humo unamwongoza meja wa Kisovieti, shujaa wa filamu ya Kisovieti ya miaka hiyo, akipambana na Rambo wa Wamarekani. Angalia alichofanya kijana huyo. Amechukua Rambo ambaye dunia nzima inamjua, amemkutanisha na mwanajeshi ambaye kila mtoto wa kambi ya mashariki amemwona sinema, na wote wawili amewasemesha lugha ya nyumbani. Mimi naihesabu hiyo kuwa tafsiri kubwa kuliko kubadilisha sentensi moja moja.

Mwaka uliofuata, baada ya polisi kuwapiga waandamanaji Prague mwezi Januari 1989, ikazunguka gemu ya Kicheki isiyo na jina la mwandishi, ambamo Indiana Jones yuko katikati ya uwanja wa Wenceslas siku ya maandamano na lazima atoke akiwa hai. Magazeti yalikuwa ya serikali na redio ya serikali. Kaseti ya gemu haikuwa na mkaguzi. Ni jambo zito hilo, na liliwezekana kwa sababu lugha ilikuwa yao na chombo walishakijua.

Sasa kazi ya mikono, maana wewe na wenzako wenye vibanda mnapenda kujua kitu kinavyofanyika.

Ugumu wa kwanza ulikuwa herufi. Kislovakia kina alama juu ya herufi nyingi: á, ä, č, ď, é, í, ĺ, ľ, ň, ó, ô, ŕ, š, ť, ú, ý, ž. Zihesabu, ni 17, na hizo ni ndogo tu. Spectrum iliundwa kwa Kiingereza, haina hata moja. Iliacha nafasi 21 za herufi za kujichorea mwenyewe. Ndogo 17 zinaenea, ukitaka na kubwa zinakuwa 34 na nafasi zimeisha. Wengine wakaamua kuandika bila alama kabisa, msomaji ajijazie kichwani. Wenye subira wakachora upya seti nzima. Kila herufi ni kijimraba cha nukta nane kwa nane, safu nane, baiti nane. Seti ya herufi 96 inakula baiti 768. Unaiweka kwenye memori, halafu unaiambia mashine, kwa kubadilisha namba kwenye anwani 23606 na 23607, kwamba kuanzia sasa herufi zisomwe huku. Ndani ya nukta nane hizo lazima ienee herufi na kofia yake, kwa hiyo Š kubwa ilibidi ifupishwe kimo ili alama ipate pa kukaa. Kijana alikaa na karatasi ya hesabu anapaka penseli viboksi.

Ugumu wa pili ulikuwa nafasi ya maneno. Aliyetaka kubadilisha gemu ya Kiingereza iliyokwisha kutengenezwa alifungua programu ile baiti kwa baiti, akatafuta maandishi, akaandika ya kwake juu yake. Sheria ni moja: usizidishe. Ukizidisha unafuta amri zinazofuata na gemu inakufa. Palipoandikwa LIVES, yaani roho ulizobaki nazo, pana nafasi tano. Kislovakia ni ŽIVOTY, sita. Kiswahili MAISHA, nacho sita! GAME OVER ina nafasi tisa pamoja na pengo, wao KONIEC HRY ni kumi, na sisi tukisema MCHEZO UMEKWISHA tumefika 16. Kwa hiyo mtafsiri alikaa akikata na kupima mpaka apate neno linaloenea na bado mtoto analielewa. Sisi ROHO lingetufaa pale, herufi nne, na nafasi inabaki.

Wa tatu ulikuwa sarufi, na hapa Waslovakia ni ndugu zetu kabisa. Gemu ya Kiingereza ina sentensi moja ya kuungaunga: kitu fulani kimevunjika. Programu inachomeka jina la kitu chochote na sentensi iko sawa. Kislovakia kina jinsi tatu za majina. Upanga ukivunjika ni meč je zlomený, shoka ni sekera je zlomená, nyundo ni kladivo je zlomené. Sisi tuna ngeli: upanga umevunjika, shoka limevunjika, kisu kimevunjika, nyundo imevunjika. Programu iliyoandikwa na Mwingereza haijui hayo, itakuandikia shoka kimevunjika na mtoto wa darasa la tatu atacheka. Tena wao hata kitenzi cha wakati uliopita kinabadilika kufuata mchezaji ni mwanamume au mwanamke. Na mchezaji akiamrisha achukue shoka haandiki sekera kama alivyoisoma kwenye skrini, anaandika sekeru. Njia iliyojulikana kwa waandishi wa gemu za maandishi ilikuwa kuifanya programu iangalie herufi chache za mwanzo tu na kuacha mwisho wa neno. Aliyeandika gemu yake mwenyewe tangu mwanzo aliyakwepa mengi ya haya, kwa sababu sentensi alizitunga zikiwa tayari kwa lugha yake. Nadhani hiyo ni sababu kubwa ya wengi wao kuandika za kwao badala ya kutafsiri za wageni.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa namna ambayo mimi inanisikitisha kidogo. Ukomunisti ulianguka mwishoni mwa 1989, na tarehe 1 Januari 1993 nchi ikagawanyika mbili. Biashara ya gemu ilipoanza rasmi, wasambazaji waliangalia Wacheki milioni kumi na Waslovakia nusu yao, na kwa kuwa lugha zao zinasikilizana, wakalipia tafsiri ya Kicheki na kuiuza kote kuwili. Watoto wa Slovakia wakakua wanasoma Kicheki kwenye gemu. Kislovakia kilirudi kwa mikono ya watu wa kujitolea baada ya intaneti kuenea, na mara nyingi lugha ya watu wachache unapoikuta kwenye orodha kama yako, kuna wachezaji waliokaa usiku wakaiandika. Waliokuwa wametangulia hawakusahaulika: kuanzia 2021 Makumbusho ya Ubunifu ya Slovakia yamekuwa yakizitoa zile gemu za kaseti kwa Kiingereza ili dunia izicheze, Šatochin ikiwemo, na Hrda mwenyewe akiwa kwenye kazi hiyo. Safari hii Mwingereza ndiye anayetafsiriwa.

Kuhusu sisi. Mwanangu, nimeshakaa kwenye vibanda kama chako, Magomeni na Mikindani. Wateja wako wanacheza mpira na gemu za kupigana, na ukiweka gemu ya hadithi wanaiacha baada ya robo saa. Watu husema watoto wetu hawapendi hadithi. Si kweli. Nimemwona kijana mmoja wa kidato cha tatu amesimama nyuma ya benchi, anawasomea wadogo zake: "Hapo anasema mtafute mzee aliye bandarini, usimpige, ongea naye." Wote sita walitulia, wanacheza kwa kupokezana mpaka umeme ukakatika. Yule kijana alikuwa anafanya kazi ile ile ya wale wanaotafsiri filamu kwa sauti kwenye vibanda umiza. Kiu ipo. Lugha ndiyo inayochagua mtoto aione gemu gani na aikose ipi.

Na usiseme hatujawahi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Wataalamu wetu walikaa wakazitafsiri amri zake moja moja. Kwenye gemu hatujaingia kwa nguvu hiyo, na alama juu ya herufi sisi hatuna hata moja. Ile kazi ya penseli na viboksi tumesamehewa.

*Fundi, habari za kazi. Mimi ni kijana wa Lindi, eneo la Mtanda, najua kompyuta kiasi. Nikitafsiri gemu ya kampuni kwa Kiswahili na kuiuza kwa wenye vibanda, nitakuwa nimevunja sheria?*
*Msomaji, Lindi*

Ndiyo, mwanangu, na nakuomba usifanye. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kutafsiri kazi ni haki ya mwenye kazi. Bila idhini yake huruhusiwi, na ukiuza ndiyo umeongeza kosa. Wale vijana wa Chekoslovakia walikuwa kwenye nchi ambayo gemu hizo hazikuuzwa kabisa. Wewe uko kwenye nchi yenye sheria na ofisi ya hakimiliki.

Lakini kuna gemu ambazo wenyewe wamezifungua, wanaomba watafsiri. Mfano ni The Battle for Wesnoth, iliyoanza 2003, ya vita vya zamu kwa zamu na hadithi ndefu. Kislovakia kimo humo kwa kazi ya wachezaji. Maandishi ya gemu kama hiyo yanakuja kwenye faili tofauti, mstari wa Kiingereza juu, mstari mtupu chini unaujaza wewe. Huhesabu nafasi tena wala huogopi kuua programu. Mtihani wako utakuwa ngeli. Ukikuta sentensi ina pengo la kuchomeka jina, usikubali kujaza haraka haraka. Waandikie watengenezaji uwaambie lugha yako inahitaji sentensi kamili kwa kila kitu. Lugha nyingine zilizotangulia zina shida hiyo hiyo, watakuelewa.

*Mzee wetu, shikamoo. Ni mwalimu wa sekondari huku Nachingwea. Tuna kompyuta chache na intaneti ya kubahatisha. Hizo gemu za maandishi ulizokuwa ukizisimulia kwenye toleo lililopita ungeweza kunielekeza namna wanafunzi wangu wanavyoweza kutunga?*
*Mwalimu, Nachingwea*

Marahaba, mwalimu. Hali yako ni bora kuliko ya Skalica mwaka 1987. Tafuta programu ya bure iitwayo Twine, iliyotengenezwa na Chris Klimas, ipo tangu 2009. Ukishaipakua na kuiweka kwenye kompyuta haihitaji intaneti tena. Mwanafunzi anaandika kipande cha hadithi kwenye kiboksi, anaweka njia mbili au tatu za kuchagua, kila njia inafungua kiboksi kingine. Kazi ikiisha inatoka kama faili moja linalofunguka kwenye simu yoyote yenye kivinjari, hata bila bando. Wanarushiana kwa bluutuzi au memori kadi.

Usianzie kwenye kompyuta. Anza ubaoni, darasa zima. Andika: "Uko mbele ya ghala la korosho. Jana gunia lako lilikuwa na kilo 80, leo mizani inasema 76. Karani yuko kulia, mlinzi yuko kushoto, mvua inakuja." Waulize watafanya nini. Watatoa majibu mengi kuliko unavyofikiri, maana kila nyumba huko imeshapima korosho. Chagua matatu, chora mishale, gawa makundi, kila kundi liendeleze mshale wake. Mwisho wa kipindi una ramani ya gemu nzima ubaoni, na wanaojua kuchapa wanaiingiza baadaye. Wakumbushe waandike sentensi fupi, simu nyingi za huko skrini zake ni ndogo na aya ndefu inamchosha msomaji. Na kama kuna anayetaka mhusika wake mmoja aongee Kimwera, mwache.

Likikamilika faili la kwanza, nitumie kwa memori kadi kupitia ofisi za gazeti. Nitalifungua kwenye simu mpya na kwenye zile kongwe za wateja wangu, nikuandikie limekwama wapi na sentensi zipi ngeli zimepishana.